Mtaa wa Bondeni

Dalali wa nyumba alimpeleka Mbonea kwanza mtaa wa juu, ambako nyumba zote zilitazama mlima. Mbonea aliupenda. Ila bintiye Nakiete, asiyesikia tangu kuzaliwa, alisimama tu getini akiwatazama watoto wa jirani wakicheza bila kumjali.

Wakateremka mtaa wa bondeni, wenye matope na nyumba za mbao. Mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi kibarazani alimsalimu mtoto. Alipoona haitiki, aliweka kisu chini, akafuta mikono, akamuuliza jina kwa ishara.

“Wangu naye hasikii,” alimwambia Mbonea. “Karibuni, kaka.”

Nakiete alijibu kwa vidole, harakaharaka, akicheka.

“Turudi juu tukaandikishane mkataba?” dalali aliuliza.

Mbonea aliketi kibarazani. Ukungu ulikuwa ukishuka, na ile mikono minne ilikuwa bado inazungumza.