Sindano Bado Iko Pakitini

Hospitali ya ng'ambo ilikuwa ikisaka manesi, na Mwatumu, nesi pekee wa zahanati ya kijiji, alikuwa amebakiza mtihani mmoja tu apande ndege: achome sindano mbele ya mtahini wao.

Bi Mkejina akajitolea kuchomwa. Bibi huyu kila mwezi huchomwa huku akisimulia habari za majirani, wala hajui sindano imeingia saa ngapi.

"Uwiii! Ananiua!"

Mtahini akaandika kitu.

"Bibi jamani," Mwatumu alinong'ona, "sindano bado iko kwenye pakiti."

"Najua, mjukuu wangu. Ukishaondoka, nitampigia nani yowe?"

Kwenye benchi, wagonjwa kumi na wanne walikuwa wameshakunja mikono ya nguo, wanasafisha koo.