Mstari wa Pili

Sauti ya mhadhiri ilivuma chumbani kama yuko ukumbini, naye akafurahi kweli. Leo koo limekubali, alijisemea. Hakujiuliza rafu za vitabu zilizokuwa zikiimeza sauti hiyo kila siku zimekwenda wapi.

Jioni alikuwa na mhadhara juu ya upofu wa rohoni katika mashairi ya Kiebrania, kazi yake ya miaka ishirini na miwili. Manabii, alisoma kwa mbwembwe, walitunga kwa mistari pacha: wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia, maana vipofu wa moyo hawaelewi wakiambiwa mara moja. Watu wazima, wanapapasa ukuta mchana kweupe! Aliwacheka mpaka miwani ikamteleza.

Mkewe hakucheka. Jumapili iliyopita alimwambia kwamba Jumamosi wanaachana, kila mtu na njia yake. Jumatatu akarudia. Bwana mkubwa alimjibu kuwa hoja hiyo ni nzito, ila asubiri kwanza amalize ubeti wa nne.

Na leo ndiyo Jumamosi. Shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa akiingia na kutoka na maboksi, jasho linamchuruzika. Cherehani ya dada yake aliiacha palepale kwenye kona. Mara mbili alimwomba mhadhiri anyanyue miguu. Aliinyanyua, macho kwenye karatasi, akaendelea kuwasikitikia vipofu.

Alipotaka kamusi, mkono wake ulipapasa ukuta mtupu. Akapapasa tena. Hapo ndipo macho yalipomtoka: dirishani kuna lori, mlangoni kasimama mkewe, mikono kiunoni.

Lo, moyo ulimpasuka. Tuseme haki, alimpenda, ila hakuwa amepata nafasi. Alitupa karatasi chini, akapiga magoti, akalia machozi ya kweli. Alikiri kwamba yeye ndiye kipofu kuliko wote aliowahi kuwasimanga, kwamba sasa ameona, ameona kila kitu, na kuanzia leo mihadhara basi.

"Usiondoke, mke wangu," alisema. "Nyumba hii bila wewe nitaishije?"

Mkewe karibu amwonee huruma. Kisha akamwashiria kaka yake achukue na kiti.

"Mimi siondoki," alisema. "Anayeondoka ni wewe."