Glasi Moja Mezani

Glasi mezani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imewekwa upande wa mwanasheria.

Aliitazama, kisha akamtazama shemeji yake aliyekuwa akiwasha mshumaa. Miaka mingi wawili hawa hawakuwa wamekaa meza moja. Aliyekuwa akiwaamua ni dada yake mwanasheria, mke wa huyu bwana. Naye alipozikwa, kila mmoja alishika njia yake na chuki yake.

"Wewe hunywi?"

"Leo zamu yako, shemeji. Mimi nilishakunywa ya kunitosha."

Chupa ilikuwa imesimamishwa wima tangu jana ili mashapo yatue chini. Mwanasheria aliitambua kabla ya kuisoma: mvinyo mwekundu wa Bordo, Ufaransa, wa utengenezaji wa kikale, mkavu na mkaidi ujanani, usiokubali kunyweka mpaka ulazwe gizani nusu ya umri wa mtu. Ulikuwa mali ya marehemu baba yake. Mzee alimwacha mwana wa kumzaa, akamrithisha mkwe ghala zima la chupa. Na katika ghala lile, hii ndiyo iliyosalia.

Hiyo ndiyo iliyomleta. Hakuja kutafuta suluhu. Alitaka, kabla ya kufa, aonje kile ambacho baba yake alimnyima.

"Ule mnada unaukumbuka?" shemeji alisema, akizungusha kizibuo. "Ulinusa chupa yangu mbele ya wakusanyaji wote wa mvinyo, ukatangaza kuwa ni bandia. 'Huyu bwana kauziwa mbuzi kwenye gunia!' Akacheka hata dalali."

"Nilisema kweli."

"Ulisema kweli. Ndiyo maana sijakusamehe."

Kizibo kilitoka kizima. Shemeji alikiweka mezani bila kukifikisha puani. Akaiinamisha chupa juu ya jagi la kioo, mwanga wa mshumaa ukipenya shingo yake, akamimina polepole mpaka utepe mweusi wa mashapo ulipotokeza, ndipo akaacha. Jagini mvinyo ulikuwa na rangi ya tofali kuukuu.

Mkusanyaji gani asiyenusa kizibo? Mwanasheria alijijibu mwenyewe: yule anayejua tayari kilichomo.

"Jagi umelisuuza kwa kitu gani?"

"Kwa maji. Kwani ulitaka nilisuuze kwa machozi?"

Moshi wa nyama ulianza kuingia sebuleni, mchungu, wa kukereketa koo. Shemeji alikuwa akijaza glasi kama mtu aliye peke yake duniani.

"Jikoni kwako kunaungua."

"Ati?" Shemeji aligeuka, akauona moshi mlangoni, akatoka mbio. Ilisikika sufuria ikitupwa kwenye karo na maji yakichachatika juu yake.

Mwanasheria alibaki na glasi mbele yake. Dhana, ikishapata pa kukaa, haiombi tena ruhusa. Nyama inaungua mpaka inakuwa mkaa, na mwenye nyumba hana habari! Mtu hawi hivyo ila moyo wake wote umezama katika jambo moja.

Shemeji alirudi akijipangusa mikono, akaketi, akasogeza kiti karibu. Mno.

"Haya, kunywa."

"Mbona una haraka?"

"Kunywa, nawe! Nimeingoja siku hii. Nataka nikutazame usoni ukimeza."

Mwanasheria alisimama. Akaishika glasi kwa mkono huu na jagi kwa mkono ule, akavipindua vyote viwili juu ya sakafu, hata lisibaki tone.

"Mkuki kwa nguruwe, shemeji. Ukitaka kuua, tafuta mjinga mwenzio. Sumu yako inywe mwenyewe!"

Alitarajia ngumi. Badala yake shemeji alipiga magoti, akachovya kidole katika lile dimbwi jekundu, akakilamba. Akachovya tena, akalamba tena, macho ameyafumba, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba iliyohamwa.

"Hamna kitu," alisema. "Tangu nilipougua homa, pua yangu imekufa, na ulimi umeifuata. Duniani naijua pua moja tu isiyodanganya, na Mungu ameibandika kwenye uso ninaouchukia." Akainua kichwa. "Basi niambie, japo harufu yake: mzee alituachia nini?"