Kidole Gumba

"Haya, nipime mapigo," alisema muuguzi mkuu, akaulaza mkono wake juu ya fomu yangu ya maombi.

Nafasi za kuingia uuguzi moja kwa moja kutoka sekondari zilikuwa ishirini tu, na nje wenzangu walijaa kuanzia mlangoni hadi kwenye ngazi. Nilimbana kifundo cha mkono kwa kidole gumba, nikaikodolea macho saa ya ukutani.

"Mia moja na kumi na mbili."

Alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Hayo ni yako, mwanangu! Gumba lina mapigo yake. Umejipima woga."

Akaliondoa gumba langu, akaviweka vidole vyangu viwili mahali panapostahili.

Kitu kikagonga. Taratibu, kikagonga tena. Mama mzima huyu, mwenye sauti ya kutetemesha wodi, na uhai wake wote ulikuwa unapita hapa, chini ya vidole vyangu vyenye madoa ya wino.

"Ngapi?"

Dakika ilikuwa imekwisha. "Samahani, mama. Nimesahau kuhesabu."

Alinitazama. Mkono hakuutoa.

"Basi anza upya," alisema polepole, kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni: "Walio nje wasubiri!"