Sebule ya Rukaya

Asubuhi Rukaya alitoa makochi yote nje, uani, na kabati la vyombo la mama mkwe wake, Bi Hadia, akalitoa pia. Akatandika mikeka mipya sebuleni. Pembeni akaweka jiwe la mtoni na chungu chenye tawi moja la mkwaju. Sehemu iliyobaki akaiacha tupu, kama Wajapani wanavyopamba nyumba zao.

"Uwazi nao ni pambo, mama," alisema.

Bi Hadia alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake. "Kabati langu linapigwa jua."

"Nitalitafutia mtu. Humu halina nafasi tena."

Kabla Bi Hadia hajajibu, wanawake watatu wa jirani waliingia, khanga vichwani, mmoja kabeba sufuria ya uji. Walikuwa wameona makochi uani na mikeka ndani.

"Poleni," alisema Mama Sefu, machozi yakimlengalenga. "Bi Hadia katutoka saa ngapi?" Kisha akamwona Bi Hadia mlangoni, akajishika mdomo.

"Hakuna msiba hapa," Rukaya alisema kwa ukali. "Napamba nyumba yangu."

Bi Hadia alitoka mlangoni mwa chumba chake. Akatembea polepole hadi katikati ya mkeka, akajilaza chali, akanyoosha miguu, akajifunika khanga mpaka usoni.

"Kaeni, jamani," alisema kutoka chini ya khanga. "Mwenye nyumba keshatandika."

Wanawake walitazamana. Mama Sefu akamtupia macho Rukaya, kisha akavua ndala zake mlangoni, akaenda kuketi mkekani, upande wa kichwa cha Bi Hadia.