Mboga Isiyoguswa

Ndezi alifiwa na mkewe mvua za masika zilipoanza, na tangu hapo hakutulia. Kila siku alichuma majani ya kunde bustanini, akayapika, akasonga ugali, akawapakulia wanawe watatu, kisha akainuka kufagia, kuchota maji, kupanga kuni. Akirudi, sinia lilikuwa limepoa bila kuguswa. Watoto walizidi kukonda.

Kima akamshauri atie nazi. Kicheche akamshauri atie karanga. Sinia likabaki vilevile.

"Shemeji, nisaidie," akamwambia Kobe, aliyekuwa shoga wa marehemu. "Mwenzangu alikuwa anatia nini?"

"Pika kwanza, nione."

Ndezi akapika, akapakua, akainuka. Kobe akamkanyaga mkia.

"Unakwenda wapi?"

"Kuni zitalowa!"

"Na zilowe. Keti, bwana, umege."

Ndezi akaketi kwa shida, akamega tonge, akachovya kwenye kunde, akala. Papo hapo mikono mitatu ikaingia siniani.

"Kumbe mnaipenda?" Ndezi akashangaa.

"Tulikuwa tunakungoja, baba," akajibu kifungua mimba, mdomo umejaa. "Mama alitufundisha, mtoto hamtangulii mkubwa kwenye chakula."