Bango la Boram

Nilirudi kijijini kumwambia Bibi kwamba naukataa ufadhili wa kwenda kusoma Ujerumani. Nikienda, nani atabaki naye?

Nikamkuta kando ya barabara, juu ya ngazi. Vidole vyake, vilivyopasuka kwa kumenya vitunguu saumu, vilikuwa vinafunga bango jekundu: BORAM WETU ANAKWENDA UJERUMANI, MASOMO YOTE AMELIPIWA!

"Bibi, shuka, utaanguka!"

"Niache! Mwaka jana jirani alitundika lake, kisa mwanawe kaingia chuo cha Seoul. Seoul! Mahali basi linafika!"

Upepo ukavuma, ngazi ikayumba. Nikaikumbatia kwa mikono miwili.

"Limenyooka?" akauliza.

Maneno niliyokuja nayo nikayameza.

"Pandisha kulia kidogo, Bibi. Kwa jirani halionekani vizuri."